Upasuaji wa Misuli ya Macho: Kilichobadilika na Kisichobadilika Katika Kuona

Tangu nifanyiwe upasuaji wa makengeza, watu wa hapa Kisumu, kuanzia walimu wenzangu hadi mama anayeniuzia mboga katika soko la Kibuye, wameniuliza swali moja: je, sasa unaona vizuri? Ni swali la upendo, nami hulijibu kwa uangalifu, kwa sababu jibu la "ndiyo" pekee lingempotosha mzazi anayetarajia kwamba upasuaji utamwondolea mtoto wake miwani, na jibu la "hapana" lingemvunja moyo mtu mzima ambaye angefaidika sana. Upasuaji huu haugusi sehemu ya jicho inayopokea nuru, wala haugusi sehemu inayofokasi. Hata hivyo ninavyoona leo sivyo nilivyoona zamani, na ningependa kueleza kwa utaratibu jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kila jicho lina misuli sita kwa nje. Minne imenyooka, mmoja upande wa pua, mmoja upande wa sikio, mmoja juu na mmoja chini, na miwili iliyosalia imepita kwa mshazari ili kulizungusha jicho kwenye mhimili wake. Misuli ile minne imeshikamana na ukuta mweupe wa jicho milimita chache nyuma ya ukingo wa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho: ule wa upande wa pua hushika takriban milimita 5.5 kutoka kwenye ukingo huo, na ule wa upande wa sikio karibu milimita 7. Kazi ya misuli hii yote ni kulielekeza jicho. Kufokasi, yaani kuibadilisha lenzi ili tuone kwa ukali kilicho karibu na kilicho mbali, ni kazi ya msuli mwingine kabisa, mdogo, wenye umbo la pete, ulio ndani ya jicho nyuma ya ile sehemu yenye rangi. Msuli huo ukijikaza, nyuzi zinazoivuta lenzi hulegea, lenzi huvimba katikati, na maandishi ya karibu yakaonekana wazi. Kisu cha daktari wa makengeza hakifiki huko.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna mafundisho yanayosambaa mitandaoni yanayodai kwamba misuli ya nje ndiyo inayofokasi, kwa hiyo atakayeikata atakuwa ameharibu uwezo wa kusoma. Madai hayo ni ya zamani. Daktari Mmarekani William Bates aliyaeneza mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa Mwingereza Thomas Young alikuwa ameshaonyesha mwaka 1801 kwamba lenzi ndiyo inayobadilika, alipolizamisha jicho lake katika maji ili kuondoa nguvu ya konea na bado akaweza kufokasi. Huhitaji hata kurudi kwa Young. Katika vijiji vyetu wapo wazee wengi waliotolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya plastiki. Misuli yao ya nje ni ile ile, hakuna aliyeigusa, na bado lenzi mpya haiwezi kuvimba, kwa hiyo wengi wao huhitaji miwani ya kusomea.

Kama habari ingeishia hapo, makala haya yasingekuwa na haja. Kuelekeza macho na kufokasi ni kazi za misuli tofauti, lakini ubongo umezifunga pamoja kama ng'ombe wawili wa plau waliotiwa nira moja: mmoja akisonga, mwingine husonga naye. Tunapotazama kitu cha karibu, macho yote mawili huingia ndani kuelekea puani, lenzi huvimba, na mboni hupungua, vyote kwa mara moja. Kwa mtu wa kawaida, kila dayopta moja ya kufokasi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) huja pamoja na dayopta za prisma 3 hadi 5 hivi, kipimo cha kugeuka kwa macho, za macho kuingia ndani. Na kusoma kitabu kilicho sentimita 33 kutoka usoni huhitaji dayopta 3 za kufokasi. Ni katika kifungo hiki ndipo makengeza huanzia kwa watu wengi, na ni kwa sababu yake upasuaji unaogusa upande mmoja husikika upande wa pili.

Makengeza yangu yalikuwa ya kutoka nje, tena ya kuja na kuondoka. Asubuhi nilipokuwa na nguvu macho yangu yalinyooka, na jioni, au nilipokuwa na homa, jicho la kushoto liliponyoka kuelekea sikioni. Jua la mchana hapa Kisumu, linaporudishwa na maji ya ziwa, lilinifanya nifumbe jicho moja bila kujua, na baadaye nikaelezwa na daktari kwamba kufumba jicho moja juani ni dalili inayojulikana ya aina hii. Darasani ilikuwa vigumu zaidi. Ningemwita mwanafunzi wa kiti cha nyuma kwa kumtazama, kisha wawili wangesimama, au mmoja angeuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni mimi?" Mtoto anayeuliza hivyo hana kosa lolote, lakini mwalimu anayeulizwa hivyo kila siku hujifunza kuita majina akiwa ameinamia kitabu.

Jambo ambalo sikulielewa kwa miaka mingi ni kwamba nilikuwa naona vibaya zaidi kwa macho mawili kuliko kwa moja. Nikisimama stendi na kufunika jicho moja, maandishi ya matatu ya Busia yalisomeka bila tabu. Nikifungua yote mawili, herufi zilififia. Walionipima miwani walipima kila jicho peke yake, wakaona kila moja linasoma mistari ya chini ya ubao, wakaniambia sina shida. Sababu ni ile nira. Ili kuyazuia macho yangu yasitoke nje, ubongo wangu uliyavuta ndani, na njia mojawapo ya kuyavuta ilikuwa kufokasi kana kwamba ninatazama kitu cha karibu. Macho yalinyooka, lakini lenzi ilikuwa imewekwa tayari kwa kitabu wakati nilipotaka kusoma kilichoko ng'ambo ya barabara. Nililipa ukali wa kuona ili nipate unyoofu wa macho, na maumivu ya kichwa ya kila jioni yalikuwa sehemu ya malipo hayo. Kwa hiyo yeyote mwenye makengeza ya kutoka nje namsihi amwombe anayempima amsomeshe ubao kwa macho mawili pia, wala asitosheke na kupimwa jicho moja moja.

Kwa binti wa dada yangu, wanaoishi Mbale katika kaunti ya Vihiga, nira hiyo hiyo ilivuta upande wa pili. Yeye alizaliwa na macho yanayohitaji kufokasi hata kutazama mbali, na kila alipofokasi ili aone wazi, macho yake yaliingia ndani kupita kiasi. Makengeza ya namna hii huanza mara nyingi mtoto akiwa na umri wa miaka 2 au 3 hivi, anapoanza kuvitazama vitu vidogo kwa makini. Dawa yake ya kwanza ni miwani, wala si kisu: lenzi za miwani zikifanya kazi ya kufokasi, macho hayana tena sababu ya kuingia ndani, na wapo watoto ambao macho hunyooka kabisa kwa miwani peke yake. Kwake yeye yalinyooka kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyopasuliwa. Aliporudi nyumbani macho yakiwa yamenyooka, nyanya yake alifurahi akataka miwani iwekwe kabatini. Dada yangu alikataa kwa heshima, na alifanya vyema, kwa sababu daktari alikuwa amepima na kupasua kulingana na macho yaliyovaa miwani. Kuivua ni kuyarudisha macho katika ile kazi ya ziada, na makengeza yakarudi siku hiyo hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho upasuaji haukumfanyia mtoto huyu, nacho kinaumiza wazazi wengi wasipoelezwa mapema. Jicho lililopotoka kwa muda mrefu utotoni husahauliwa na ubongo. Ili mtoto asione vitu viwili viwili, ubongo huzima picha ya jicho lililopotoka, na jicho hilo likabaki vivu hata likiwa zima kabisa kwa mwili. Kulinyoosha hakuliamshi. Kinacholiamsha ni miwani pamoja na kulifunika jicho lenye nguvu ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, au kulitia jicho lenye nguvu matone ya atropini yanayofifisha kuona kwake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa uvivu wa kiasi cha kati, kufunika jicho kwa saa 2 kwa siku kulileta matokeo yaliyolingana na saa 6, habari njema kwa mzazi anayepambana na mtoto anayebandua kibandiko kila akigeuka. Kazi hii hufanikiwa zaidi kabla ya umri wa miaka 7 au 8 hivi, na kwa kawaida huanza kabla ya upasuaji, kwa maana macho mawili yanayoona vyema hushikana na kubaki yamenyooka, ilhali jicho lisiloona vyema halina kinacholishikilia.

Upasuaji wenyewe ni mdogo kuliko hofu inayouzunguka. Jicho halitolewi likawekwa shavuni, kama nilivyosikia kwa watu wenye elimu yao, wala hapatumiki leza. Daktari hupasua ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, akaufikia msuli, kisha akafanya moja kati ya mambo mawili: huutoa mahali unaposhika na kuushona nyuma zaidi ili nguvu yake ipungue, au hukata kipande chake na kuushona tena ili ukaze. Kwangu mimi msuli wa upande wa sikio ulirudishwa nyuma na wa upande wa pua ukafupishwa, katika jicho lile lile. Nyuzi huyeyuka zenyewe. Hesabu hufanywa kwa milimita, na milimita moja ikizidi au kupungua huonekana usoni. Ndiyo maana kabla ya siku yenyewe nilipimwa kwa prisma, vipande vya kioo vinavyopindisha nuru, nikitazama mbali mita 6 na karibu sentimita 33, kisha nikafunikwa jicho moja kwa muda ili makengeza yote yaliyofichwa na juhudi yangu yajitokeze. Mpasuaji asiyepima karibu na mbali anaweza kunyoosha macho ya kutazama mlangoni na kuacha ya kusomea yamepotoka.

Daktari wa Ujerumani Johann Friedrich Dieffenbach ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kufanikiwa, alipompasua mtoto wa miaka 7 mjini Berlin mwaka 1839. Siku zile msuli ulikatwa ukaachwa hivyo hivyo, bila kushonwa mahali palipopimwa, na wengi waliopona makengeza ya ndani walikuja kupata ya nje. Nashukuru kuzaliwa baada ya ujuzi huo kukua.

Niliamka kutoka kwenye nusukaputi nikiona vitu viwili viwili, na ilikuwa imepangwa hivyo. Macho yaliyokuwa yakitoka nje huwa na tabia ya kurejea nje kidogo baada ya upasuaji, kwa hiyo madaktari wengi huyaacha yameingia ndani kidogo mwanzoni, na picha mbili hutokea hasa mtu anapotazama mbali. Kwa wengi hali hii huisha katika siku au wiki chache. Nilikuwa nimeambiwa mapema, na kuambiwa mapema kulinisaidia kuliko dawa yoyote ya maumivu, kwa sababu niliziona boda boda mbili penye moja nikajua ubongo wangu unajifunza, si kwamba nimeharibiwa. Barabara ya Oginga Odinga sikuivuka peke yangu mpaka picha zilipoungana.

Kulikuwa na jambo lililonishangaza zaidi ya picha mbili. Nilipotaka kushika kikombe cha chai, mkono ulikwenda kando ya kikombe. Ubongo hujua kitu kiko wapi kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, amri unazoipa misuli ya macho. Na kwa kuwa misuli yangu ilikuwa imehamishwa, amri ya zamani ililipeleka jicho mahali papya. Hesabu ilirekebishika yenyewe kadiri nilivyotumia macho, kwa kuosha vyombo, kufunga vifungo, kupanga vitabu, na sikuona haja ya mazoezi yoyote ya pekee.

Kuhusu ukali wa kuona, siku za kwanza ulififia, na sababu zake zilikuwa za kawaida: marhamu ya usiku hupaka ukungu juu ya konea, machozi hayatandazwi vizuri, na jicho jekundu hukwaruza. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba mvuto mpya wa misuli unaweza kuubadilisha mkunjo wa konea kwa kiasi kidogo, ukaleta astigimatizimu, yaani mkunjo usio sawa unaofifisha picha, ambayo haikuwapo au kuigeuza iliyokuwapo. Kwa kawaida ni ndogo na sehemu yake kubwa hutulia katika wiki na miezi inayofuata. Ndiyo maana si busara kununua miwani mipya wiki ya pili. Nilisubiri mpaka miezi ipatayo miwili ikapita, nikapimwa upya, na kipimo kilikuwa kimebadilika kidogo sana.

Sasa nije kwenye lililobadilika kwa kudumu. Stendi nasoma maandishi ya magari kwa macho mawili, kwa ukali ule ule nilioupata zamani kwa jicho moja, kwa sababu lenzi yangu haitumiwi tena kuvuta macho ndani. Kichwa hakiniumi baada ya kusahihisha insha. Kutoka ubaoni kwenda kwenye kitabu na kurudi kwa wanafunzi, macho yanahama bila lile sekunde la kutafutana. Kuona kwa kina, yaani kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma, kumeimarika, na hilo nililitegemea kwa sababu makengeza ya kuja na kuondoka huwa yameacha ushirikiano wa macho ukiwa hai. Ambaye macho yake hayakuwahi kushirikiana tangu uchanga hawezi kuahidiwa hivyo. Kwa watoto wanaozaliwa na makengeza makubwa ya ndani, upasuaji hufanywa mara nyingi kabla ya miaka 2 ili kuokoa angalau sehemu ya uwezo huo. Mtu mzima mwenye makengeza ya ndani hupata faida nyingine, kwani eneo analoliona upande kwa upande hupanuka macho yakinyooka. Nakataa kabisa neno ambalo bado nalisikia, kwamba kumpasua mtu mzima ni urembo tu.

Lisilobadilika ni umri. Nimevuka miaka 40, lenzi yangu inakakamaa kama ya kila mtu, na sasa nashika miwani ya kusomea. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa huruma kwamba upasuaji ndio umenimaliza. Nilimwonyesha miwani yake mwenyewe juu ya meza. Naye hajawahi kupasuliwa.

Nimeandika kwa wingi kuhusu makengeza ya kupangiwa tarehe, lakini yapo yasiyosubiri. Macho ya mtoto mchanga huweza kuhangaika katika miezi 3 au 4 ya kwanza. Yakiendelea baada ya hapo, au mboni ikionekana nyeupe pichani au katika mwanga, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, kwa sababu makengeza yanaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto inayotibika ikiwahiwa. Mtu mzima anayeanza ghafla kuona vitu viwili aende hospitalini siku hiyo. Inaweza kuwa kisukari, shinikizo la damu, kiharusi au tatizo jingine la mshipa wa fahamu. Kwa mtu kama huyo upasuaji wa misuli huahirishwa, kwa kawaida kwa miezi 6 hivi au zaidi, ili kuona kama mshipa utapona wenyewe. Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuko mbali na msaada: Sabatia katika kaunti ya Vihiga kuna hospitali ya macho, na Kisumu na Eldoret kuna hospitali kuu za rufaa zinazoweza kumpokea mgonjwa na kumwelekeza.

Anayekaribia kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji ana haki ya kuuliza maswali, na haya ndiyo ningeanza nayo. Macho yangu yamepotoka kiasi gani nikitazama mbali, na kiasi gani nikisoma? Je, miwani imepewa nafasi kamili ya kuyanyoosha kwanza? Baada ya upasuaji, je, nitegemee kuona viwili viwili, na kwa muda gani kabla ya kurudi kwako? Na kama macho yatateleza tena, kwa maana hutokea kwa watu wengi hata kazi ikifanywa vizuri, upasuaji wa pili utakuwa kwenye misuli ipi? Nilijibiwa yote manne kwa utulivu, kwa mchoro wa kalamu nyuma ya kadi yangu ya kliniki, na kadi hiyo ninaenda nayo kila ninapopimwa.